Mpira Uliogonga Ukuta

Majira ya baridi yale Delmar Wojcik aliishi kwa kusubiri kura ya watu asiowajua. Alikuwa na miaka thelathini na minane, kumi na sita kati yake ameimalizia katika ligi ndogo za besiboli za Ohio, na magoti yalikuwa yamekwisha. Kupiga alikuwa bado anapiga. Kudaka na kukimbia ndiko kulikomshinda. Sasa wenye ligi walikuwa wanabishania kanuni mpya: mrushaji wa mpira asishike tena gongo la kupigia, apigiwe na mtu ambaye kazi yake ni kupiga tu, kisha arudi kukaa.

Kocha wake, mzee Thurl Gossett, hakutaka hata kuisikia.

"Anayepiga akaenda kukaa, huyo ni mgeni, si mchezaji, Del," alimwambia mgahawani mbele ya watu.

"Mrushaji wako anashika gongo kama mwiko, kocha. Akiingia yeye, watu wanakwenda kununua soseji."

Watu wakacheka. Delmar hakucheka. Nje ya besiboli kulikuwa na kiwanda cha matairi tu, kilichommaliza baba yake mapafu.

Februari kanuni ikapita. Delmar alimkumbatia mkewe Arlene jikoni, akalia. Arlene akamuuliza kama magoti nayo yalipiga kura.

Nafasi ya kupiga tu akapewa yeye, na mechi ya kwanza ilichezwa Aprili, kwa baridi kali. Zamu yake ya kwanza Delmar alikosa mipira mitatu, akatolewa. Kisha akakaa benchi karibu saa nzima, wenzake wakikimbia uwanjani na kupata joto, yeye akisugua magoti. Alipoitwa tena yalikuwa magumu kama kuni.

Akaupiga mpira ukagonga ukuta wa mbali. Mtu mwingine yeyote angefika kituo cha pili kati ya vinne vya kukimbilia, tena akitembea. Delmar akatupa gongo, akakimbia, na hatua ya tano goti la kulia likakataa. Akachechemea, akaanguka, akatambaa kwa mikono. Mpira ukarudishwa, ukamtangulia kituo cha kwanza, akawa ametolewa.

Gossett mwenyewe ndiye aliyekuja kumwinua.

"Nipe wiki moja, kocha. Joto likiingia nitakimbia."

"Niegemee, Del," akasema Gossett, basi.

Jumatatu nafasi ile ikapewa mtu wa miaka ishirini na minne. Jumanne Delmar alikwenda uwanjani na gongo lake kusema amepona, na Jumatano vilevile. Alhamisi Arlene alimfuata kwa gari, akamkuta ameketi kwenye ngazi za lango, hawezi kusimama mpaka ashikwe.