Wimbo wa Goti la Baba

Waliomjua mume wangu pale Same wana majibu yao tayari juu ya kwa nini aliacha nyimbo za mfereji akaingia kwenye dansi. Wengine wanasema alifuata viatu. Wengine, hasa wanawake wa rika langu ambao hakuwaoa, wanasema alifuata wasichana. Mchungaji wetu, Mungu amrehemu, alisema ni shetani wa gitaa. Wote nimewasikiliza, wote nimewapikia chai, na leo nitasema mwenyewe maana nilikuwepo. Mume wangu alikimbilia dansi kwa sababu ya goti la baba yangu.

Kwetu ni milimani, upande wa Suji. Mashamba yameshikilia mteremko, na bila mfereji hakuna mahindi wala maharage ya maana. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa letu la mawe na udongo. Maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yateremke kwa zamu, shamba kwa shamba. Tope likijaa au mvua ikibomoa kingo, baragumu linapulizwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Hiyo kazi ya wote tunaiita msaragambo. Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa na kazi zake, matuta na barabara, na huko watu walikwenda wamenuna kwa sababu ya askari. Kwenye msaragambo askari hakuwepo. Kulikuwa na wimbo, na wimbo ulitisha kuliko askari.

Mwimbishaji alisimama juu ya kingo, anaimba, majembe yanashuka pamoja, watu wanaitikia. Kazi yake nyingine ilikuwa kumtaja asiyekuja. Hakuchagua yeye. Watu walimpigia kelele wenyewe, fulani yuko wapi, naye alilazimika kutunga hapohapo kwa Chasu, lugha yetu, jina na ukoo na kisingizio. Lakini desturi ilikuwa na dawa yake. Ukiimbwa, unakuja msaragambo unaofuata mapema, unasimama katikati ya watu, unaitikia wimbo wako mwenyewe kwa sauti kubwa. Watu wanacheka, na wewe unacheka, na tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuuimba tena. Wimbo umekufa. Nimewaona watu wazima, hata mwalimu wa shule, wakiitikia wimbo wa uvivu wao na kurudi nyumbani wepesi kama waliotoka kuoga.

Baba yangu hakuwa mtu wa namna hiyo. Nampenda, na ninamsema. Kwa kazi yake mwenyewe alikuwa hodari, hasa mizinga ya nyuki, ambayo aliitundika kwenye miti mirefu ambayo vijana waliogopa hata kuitazama. Ila kazi ya watu wengi ilimchosha kabla haijaanza. Siku hiyo baragumu lilipolia alinituma mimi na jembe, nikawaambie watu kwamba goti linamuuma, hawezi kukunja mguu. Nikawaambia, wakanipa pole nimpelekee. Kabla ya jua kupanda sana, wanawake waliotoka kutafuta kuni wakapita pale ndivani wakacheka mpaka mizigo ikawatoka kichwani. Walikuwa wamemwona baba juu ya mti, anafukiza nyuki moshi.

Mwimbishaji alikuwa kijana mrefu mwenye meno yaliyoachana kidogo, na mimi nilikuwa nimeshampenda miezi mingi, naye alijua. Alinitazama. Watu wakapiga kelele, yuko wapi, yuko wapi. Akafanyaje? Akaimba. Kwa Chasu ni tamu zaidi, lakini kiitikio ni hiki: goti limekataa ndiva, goti limepanda mti. Jamani, majembe yalishuka siku ile! Nami niliitikia na wenzangu. Sioni haya kusema. Wimbo ulikuwa mtamu, na ulikuwa wa kweli.

Baba alipousikia hakucheka. Alinuna, na msaragambo uliofuata hakutokea kabisa, akidai kwamba kuitikia ni kukubali. Kukubali nini, wakati wanawake wale walimwona kwa macho yao? Kwa hiyo wimbo ukabaki hai. Watoto waliuimba wakipeleka mbuzi malishoni. Waliotwanga mahindi kwenye kinu waliupigia mchi. Baba akaanza kwenda kanisani kwa njia ya juu, ndefu na yenye matope, ili asipite mbele za watu, na watu wakasema goti la mzee limepona vizuri sana.

Ndipo kijana akaleta mshenga kunichumbia. Alikuja na pombe ya miwa na maneno mazuri. Baba alimkaribisha, akakiri kwamba ukoo ni mwema, kijana ana afya, binti hajakataa. Kibuyu hakukigusa.

“Mwambieni kwanza aniondoe kwenye wimbo,” alisema. “Akiniondoa, aje na mshenga wake tutakunywa.”

Nani aliwahi kumwondoa mtu kwenye wimbo uliokwisha kuimbwa? Kijana wa watu alijaribu. Msaragambo uliofuata alipanda kingo na wimbo mpya wa kumsifu baba, bwana wa mizinga, mtu ambaye nyuki wanamjua kwa harufu. Aliuimba kwa adabu zote. Watu wakamsikiliza mpaka mwisho wa mstari, kimya, majembe juu, halafu wote kwa pamoja wakamwitikia: goti limekataa ndiva, goti limepanda mti. Wakavunjika mbavu. Badala ya kumwondoa baba, alikuwa amempa ubeti wa pili, na sauti ilipanda mlima mpaka nyumbani kwetu ambako baba alikuwa amekaa mlangoni. Mimi nililia palepale mbele za watu, tope mpaka magotini. Niliona ndoa yangu inaondoka na maji.

Jioni ile alinikuta kisimani. Alisema amefikiri na hakuna njia nyingine. Akiendelea kuwa mwimbishaji, na baba akiendelea kutokuja, watu watamuuliza mzee yuko wapi naye atalazimika kumtaja tena, mwaka hadi mwaka. Hakuweza kuwa kinywa cha watu na mkwe wa mtu yule kwa wakati mmoja. Akamwachia kazi binamu yake, mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, akateremka Makanya kupanda treni.

Pale Same alijifunza ushonaji kwenye baraza la duka la Mhindi. Dukani kulikuwa na gramafoni iliyoimba kutwa. Jirani yake wa cherehani alikuwa mtu aliyerudi kutoka vitani na gitaa, na huyo alikuwa na wenzake wa stesheni na wa mashamba ya mkonge waliopiga dansi. Walimsikia akiimba huku anashona, basi. Hayo ya viatu ni kweli, alivinunua baadaye, na vilimbana.

Alipokuja likizo alinitafuta akaniimbia wimbo wake wa kwanza wa dansi, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. Mtu anasema amekaa mahali pa joto, anaangalia milima, moyo wake uko huko juu. Nilingoja kusikia jina. Halikuja. Nikamuuliza mwenye huo moyo anamwangalia nani.

“Wewe,” alisema.

“Mbona hujanitaja?”

“Kutaja nimetaja vya kutosha. Hapa hakuna atakayenuna.”

Nilinuna mimi. Nilitaka jina langu, ukoo wangu, na kama ingewezekana jina la mto wetu, wote wajue. Badala yake, kila msichana wa Same mwenye kwao milimani alijiona ameimbiwa yeye. Lakini niligundua kitu kingine siku ile, na hicho ndicho ninachowaambia wale wa majibu mepesi. Miaka yote kule ndivani alikuwa ameimba walichotaka watu. Hakuwahi hata mara moja kusema “mimi”. Sasa alilisema neno hilo na uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyetua mzigo. Alikwenda kwa sababu ya baba, lakini hicho ndicho kilichomfanya apende kukaa.

Baba alikuwa akipeleka asali Same. Siku moja alikuta bendi inafanya mazoezi nyuma ya duka lile, akakaa juu ya debe lake akasikiliza wimbo wote. Mimi nilikuwa naye kubeba kibuyu kidogo, nikawa natazama chini. Ulipokwisha alimwita kijana, akapokea shikamoo yake, akamuuliza wimbo unamhusu nani. Akajibiwa haumhusu mtu. Baba akafikiri. Akauliza tena, sasa ikiwa haumhusu mtu, mbona hawa wote wanaitikia? Maana kweli, wateja, wapagazi, hata mtoto wa Mhindi walikuwa wameshika kiitikio. Kijana akasema labda kila mmoja anajisikia mwenyewe humo.

“Hizi ni nyimbo za watu wenye adabu,” baba alisema. Ndipo akatoa sharti lake. Aje na mshenga, anioe, ila asifungue kinywa tena kwenye msaragambo maisha yake yote. Siku atakayofungua, binti atarudi nyumbani. Kijana akakubali na kula kiapo palepale, mkono juu ya cherehani.

Tukaoana. Sitatia chumvi, tulikuwa na raha. Chumba kimoja cha kupanga, vumbi la Same kwenye sahani, upepo unaoiba nguo kambani, na asubuhi milima yote imekaa mbele ya mlango. Nilipika, nilisuka mikeka, nilimsikia akiimba kwenye ukumbi na watu wakicheza taratibu kwa heshima, wamejipaka mafuta. Nilizoea wimbo wangu usio na jina. Nikaupenda, nikajifunza kunyamaza wengine wakidai ni wao.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Akishona peke yake, mguu ukikanyaga cherehani, ulianza kwenda mwendo wa majembe. Taratibu, taratibu, halafu shuka. Midomo ikafunguka, akakumbuka kiapo, akaifunga, mguu ukasimama. Watu wa kwetu walimtumia salamu aje, bawaba yao imewachosha. Akawaambia hawezi. Alipenda dansi, hilo halina ubishi, lakini mtu anaweza kuipenda nyumba mpya na bado mkono wake ukautafuta mlango wa zamani gizani. Niliomba baba amwachilie. Baba akasema neno lake limeshatoka.

Miaka ikapita, bado ni enzi ya Mwingereza, na baba akazeeka ghafla. Goti likauma kweli. Mizinga akaacha, fimbo akashika. Tulipanda kumwona, na asubuhi tuliyoamkia kwake baragumu lilipulizwa. Tukamtoa nje akae juani. Watu walipita chini ya nyumba na majembe, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, wakaenda. Hakuna aliyemuuliza kama atakuja. Muda si mrefu tukawasikia ndivani wakiimba, na aliyetajwa alikuwa kijana mmoja aliyelala nyumbani na mafua. Baba alitega sikio mpaka mwisho.

“Wameshaacha kuniimba,” alisema.

Mume wangu akamwambia ndiyo, wameshaacha, siku nyingi. Nilidhani atafurahi. Mzee akaangalia fimbo yake, nami nikaelewa. Asiyetarajiwa haimbwi. Kijiji kilikuwa kimemtoa kwenye hesabu ya majembe.

“Mkwe,” baba alisema, “niimbie ule wangu.”

Mume wangu alimkumbusha kiapo. Baba akasema kiapo ni chake yeye aliyekitoza, anakifuta. Mume wangu akasimama ukingoni mwa uwanja, panapotazamana na ndiva, katika viatu vile vinavyobana. Akavivua. Akaimba. Nilikuwa nimesahau ile sauti. Ya dansi ilikuwa laini, ya kumbembeleza mtu wa karibu, na hii ilikuwa ya kuvuka bonde. Alimtaja baba, akautaja ukoo, akautaja mti.

Na baba yangu, aliyekataa miaka yote ile, akajiegemeza kwenye fimbo akainuka nusu, akaitikia peke yake kwa sauti kubwa kama desturi inavyotaka: goti limekataa ndiva, goti limepanda mti.

Kule chini majembe yalinyamaza. Kisha watu wote wa ndivani wakaitikia, wakubwa waliokuwepo siku ile ya kwanza na watoto waliokuwa hawajazaliwa, mara moja tu, wakapiga vigelegele, wakarudi kwenye wimbo wao. Baba akakaa, anacheka, machozi yanashuka. Akamwambia mume wangu kwamba sasa yuko huru, arudi kuwaimbisha watu akitaka.

Mume wangu alikuwa ameshainama anafunga kamba za viatu. Akasema anashukuru, baba, lakini Jumamosi kuna dansi Same.

Tuliteremka kesho yake. Njia nzima alikuwa akiimba wimbo wangu usio na jina, na tulipofika pale mfereji unapokata njia, mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji, akaliingiza jina langu humo, na la ukoo wangu, na la mto. Niliitikia kwa sauti kubwa.