Moto Uliozaa Barafu

Mama mkwe wangu aliniita Moto, na hakuwa akinisifu. Nilikuwa mwepesi wa kuwaka, siwezi kukataa. Mtu akinipunja kwenye pishi ya unga, soko zima lilipata habari. Nilizaliwa Shinyanga mjini, katika nyumba ya duka, ambako baba yangu alitulea kwa kutaja bei kwa sauti, na nilipoolewa Nyarugusu sikuona sababu ya kuanza kunong'ona. Mama mkwe alikuwa Msukuma aliyesilimu alipoolewa, mtaratibu katika kila jambo, na aliamini kwamba mwanamke anayesikika mpaka barabarani ataiunguza nyumba siku moja.

Mume wangu alikuwa na bucha ya paa la mabati, kando ya njia waliyopita wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa na mwiko mmoja: nyama ikishaharibika harufu haiuzwi, hata mnunuzi akiomba. Basi katika miezi ya joto ng'ombe wake alichinjwa alfajiri, na kufikia alasiri mume wangu alikuwa anagawa nyama bure au anaianika. Wachimbaji walipanda kutoka mashimoni jioni, wana njaa, wakakuta mbavu na nzi. Niliumia kuliona hilo kila siku, na mimi nikiumia sinyamazi.

Siku moja nilikwenda kuwaamkia wazazi wangu Shinyanga. Katika duka la mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni nikaona kabati jeupe, refu kuliko mimi, na pana kama mlango wa mbao mbili. Akalifungua, akaniambia nitie mkono. Jamani! Baridi ilinishika mpaka kwenye kiwiko, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikainama kutafuta baridi inatoka wapi, nikakuta chini ya kabati kuna taa ya mafuta, utambi unawaka.

"Hii ya nini?" nikamwuliza.

"Hiyo ndiyo inayotia baridi," akasema.

Siku hizi watu husema jokofu, au friji. Sisi tuliliita kabati la baridi, na niliporudi Nyarugusu sikuwa na habari nyingine mdomoni. Nililisema wakati wa kula na wakati wa kulala. Mume wangu, ambaye kwa kawaida alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, safari hii aliacha kutafuna.

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Moto utie baridi? Tangu lini? Moto huzaa jivu, mwanangu."

Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuliona kabati kichwani mwake, na nyama imelala ndani salama. Akapeleka ng'ombe Shinyanga, wakapatana na yule mfanyabiashara. Hapo ndipo mama yake alipomwita uani, nami nikiwa jikoni, akasema kwa sauti ya kutosha ili nisikie: "Kitu hicho kikiozesha nyama yako hata mara moja, mkeo atarudi kwao. Nimechoka kukaa na moto." Hakuishia hapo. Alimtuma dereva wa lori kwa baba yangu, kwamba siku ya Idi aje Nyarugusu, na aje tayari kuondoka na binti yake ikibidi. Dereva mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa huruma. Mume wangu alikuwa mtu mwema, ila mbele ya mama yake ulimi wake ulikuwa wa pamba.

Kabati likaja na lori katikati ya Ramadhani, kwa njia ya Kahama. Lilikuja na fundi wake, mzee aliyekuwa akitunza taa za reli, na kabla hajashuka tulimsikia akigomba. Huko mbele ya Nyahanga lori lilizama katika mchanga, na utingo, kwa kuogopa kabati lisianguke, alililaza. Amelilaza chali kama maiti! Fundi alikuwa bado anamtukana kwa adabu, maana amefunga.

Mimi nilikuwa nimeshika kibiriti mkononi. "Tuwashe, baba."

"Thubutu," akasema. "Limelazwa, dawa iliyomo tumboni mwake imetoka mahali pake. Liache lisimame lipumzike mpaka kesho. Mgeni hajanywa hata maji, unataka kumtwika mtungi?"

Nusura nipasuke. Lakini kesho yake nilishukuru, kwa sababu kazi ya kulisawazisha ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Sakafu ya bucha hujengwa kwa mteremko kuelekea mlangoni, ili damu na maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Fundi akaweka sahani ya maji juu ya kabati, na maji yote yakakimbilia upande wa mlango. "Likiinama hivi litakula mafuta bure," akasema, "wala baridi hutaiona." Tukachonga vipande vya mbao, tukavipachika chini ya miguu ya mbele, tukaangalia sahani, tukatoa, tukapachika tena. Jasho likatutoka na koo zimekauka. Maji yalipotulia sawasawa pande zote, nilipiga kigelegele ndani ya bucha tupu.

Halafu akaanza kunifundisha, mimi na si mume wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwuliza. Kabati lisigusane na ukuta, mgongo wake unataka kupumua. Dirisha lisifungwe kamwe wakati taa inawaka, na mtu asilale humo, kwa maana hewa ya taa huua bila kubisha hodi. Lakini upepo nao usipige moja kwa moja kwenye utambi. Mafuta yatiwe taa ikiwa imezimwa na imepoa, nje, mbali na jiko. Alinipa kioo kidogo cha kujitazamia, akanionyesha jinsi ya kukiweka chini ili niuone mwali bila kulala kifudifudi.

"Unataka rangi gani?" akaniuliza.

"Buluu, baba."

"Ukiwa wa manjano?"

"Utambi haukukatwa sawa, unatia masizi kwenye bomba."

"Na nyama ya moto?"

"Haiingii. Itundikwe kwanza ipoe, halafu ipangwe kwa nafasi, isibanane."

"Na mlango?"

"Usifunguliwefunguliwe."

"Haya, washa."

Nikawasha. Kibiriti cha kwanza kikazimika, nikawasha cha pili. Mwali ukaja wa manjano, ukatulia, ukageuka buluu kwenye kioo changu, nami nikachuchumaa pale nikautazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Kesho yake asubuhi nilifungua sehemu ya juu, ambako nilikuwa nimeweka maji kwenye kopo. Maji hayakutikisika. Nikaligeuza kopo, nikaligonga, likaanguka jiwe jeupe lenye umbo la kopo! Nilikimbia nalo uani huku napiga makelele, naruka kama mtoto, mikono inauma kwa baridi na siwezi kuliachia. Nikamwekea mama mkwe kipande kiganjani.

"Mbeho!" akapiga ukelele, neno la kwao la baridi, akakirusha chini. Akasimama anakitazama kinavyopungua mchangani. "Kimekwenda wapi?"

"Kimerudi kuwa maji, mama."

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Kitu kisichoweza kujitunza chenyewe kitatunza nyama?" Akaingia ndani.

Ikafika siku ya kutazama mwezi. Mchinjaji wa Kiislamu hucheza kamari halali siku hiyo. Mwezi ukiandama, kila nyumba inataka nyama jioni ile ile, nawe usipokuwa umechinja utaaibika. Usipoandama, Idi inasogea, na nyama yako inabaki inakutazama. Mume wangu alichinja dume alasiri, mwalimu wa chuo cha Kurani akishuhudia. Vuli ilikuwa imechelewa, joto limekaa juu ya mabati, na mawingu makavu yamefunika upande wa magharibi. Watu wote walipanda kwenye kilima cha kifusi, kile wachimbaji walichokitupa, wakakodoa macho.

Mwezi haukuonekana.

Watu wakashuka wakiulizana watakula nini daku, maana kesho ni kufunga tena. Mume wangu hakutazama tena mbinguni, alinitazama mimi. Wachimbaji wasiofunga walinunua upande mmoja wa ng'ombe. Upande wa pili, mapaja na mgongo, nyama ambayo nyumba nyingi zilikuwa zimeiagiza, ulitundikwa ukapoa, kisha nikaupanga ndani ya kabati kwa mikono yangu, kipande mbali na kipande. Nilikagua mwali. Buluu. Nikafunga mlango nikiomba dua zote nilizozijua.

Siku iliyofuata jua lilitoka na hasira. Mume wangu alikwenda kuwatuliza waliokuwa wameagiza nyama. Mimi nikaenda kisimani, na kisima siku hiyo kilikuwa na foleni na ugomvi, nami kwa ugomvi huwa sipiti hivi hivi. Niliporudi adhuhuri nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni, harufu ya utambi uliopulizwa. Nikatua ndoo. Nikagusa bomba la nyuma. Limepoa. Nikaweka kioo chini nikaona giza tupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, anajipepea kwa upande wa khanga.

"Nimeuzima," akasema kwa upole. "Jua lote hili, nanyi mnaichochea nyama kwa moto? Nikaona niisaidie baridi."

Wallahi sikuwahi kuwaka kama nilivyowaka wakati ule. Maneno yalinijaa kinywani, na kila moja lingetosha kunirudisha Shinyanga bila kungoja Idi. Akanyanyuka, akaunyosha mkono kwenye mlango. "Ngoja nitazame kama imeharibika."

"Usifungue!"

Nilimpigia ukelele mama mkwe wangu, tena mchana wa Ramadhani. Akarudisha mkono kama aliyeguswa na nyoka. Nami nikasikia ukelele wangu mwenyewe, nikauona uso wake umesawijika, na hasira yote ikanishuka ikaniacha na hofu tupu. Nikasema polepole, "Samahani, mama. Baridi iliyomo ndiyo tuliyobaki nayo. Ukifungua, itatoka. Hii taa ndiyo inayoizaa, sijui inaizaaje, lakini ndiyo."

Akakaa. Nikavuta tangi la mafuta ya taa, limepoa. Nikalitoa nje, nikajaza mafuta, nikafuta yaliyomwagika. Nikakata utambi sawasawa kwa mkasi, nikafuta masizi, nikarudisha. Nikawasha. Manjano, manjano, manjano. Nikamwomba mama mkwe anishikie kioo, nami nikawa napandisha utambi na kuushusha.

"Niambie ukigeuka, mama."

Tulikaa hivyo, yeye na kioo, mimi na utambi. Halafu akanong'ona, "Umekuwa kama ua la mbaazi pori." Sikujua ua gani. Nikachungulia. Buluu.

Hakuondoka pale mchana wote. Mtu akija kuuliza nyama, yeye ndiye aliyemkataza kugusa mlango.

Jioni mwezi ukaandama, mwembamba, wazi kabisa, na kilima kizima kikapiga takbiri. Watu wakateremka moja kwa moja mpaka buchani na vikapu vyao. Mume wangu akashika mlango wa kabati, midomo imemkauka kuliko ya mtu aliyefunga mwezi mzima, na akavuta. Hewa ikatoka nyeupe, ikatuanguka miguuni. Mwalimu wa chuo akachukua paja, akalinusa, akalibonyeza, akalinusa tena.

"Hii ndiyo niliyoshuhudia jana?"

"Ndiyo hiyo."

"Nipimie," akasema.

Jamani, nililia! Nililia hadharani, nacheka na kulia, huku natoa vipande, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi nzuri ile. Mpaka isha hapakubaki hata mfupa, na mume wangu alikuwa anaimba, mtu ambaye hajui kuimba.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, lori likasimama mbele ya bucha. Baba yangu akashuka, na kanzu yake mpya ina vumbi, na nyuma ya lori nikaona sanduku tupu, la kutilia nguo zangu. Katika kelele za jana hakuna aliyekumbuka kumtumia habari nyingine. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika marahaba bila kunitazama usoni, kama mtu aliyekwisha kuona aibu tangu njiani.

Mama mkwe akatoka. Mkononi ana bilauri ya maji, na ndani kipande cha barafu kinagonga kioo. Alikuwa amekitoa mwenyewe, na mlango alikuwa ameufunga vizuri, nilisikia ukibana. Akampa.

"Karibu, mkwe. Kunywa kwanza."

Baba akanywa, akashtuka, akaiangalia bilauri. Kisha akakohoa. "Niliitwa nije kumchukua binti yangu."

"Tulichelewa kukutumia habari usije," akasema mama mkwe. "Jana mchana niliuzima moto wa nyumba hii kwa mkono wangu. Yeye ndiye aliyeuwasha. Wala hakumwambia mwanangu kwamba ni mimi, na angeweza kusema." Akamwelekea mume wangu, aliyekuwa anakata nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ile, anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza na kisu kimemsimama hewani. Kisha akamgeukia baba yangu tena, kwa ile sauti yake ya taratibu. "Sanduku lako lirudi na nyama, mkwe. Moto huu ukiondoka, sisi tutaoza."