Gatakaa anatafuta ulimi wa kuonja uyoga

Ukungu bado umelala kwenye misonobari juu ya Kanyakine, kaunti ya Meru, na Gatakaa Mutembei amepiga magoti juu ya majani makavu. Anang'oa uyoga wa kahawia, anaukwaruza kwa ukucha chini ya kofia. Tone jeupe linachuruzika.

"Umeona maziwa? Huu huenda ni wa kwetu, wa kula," anasema, halafu anashusha pumzi. "Lakini maziwa peke yake hayatoshi. Kuna ndugu yake, ana maziwa vilevile, na huyo anakuchoma ulimi mpaka machozi. Ukimla huyo, tumbo litakueleza!"

Ili kuwatofautisha, wachumaji wa hapa hugusisha kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi, wakasubiri, wakatema. Gatakaa, mjane wa miaka 61, amelea familia kwa kazi hiyo. Sokoni wateja hawakuuliza maswali. Wakisikia ni uyoga wa Mama Kiende, kama wanavyomwita, basi.

Mwaka juzi aliugua homa. Alipona, ila ladha haikurudi.

"Chai ni maji moto tu. Chumvi siijui. Sasa nimuuzie mtu uyoga nikibahatisha? Aka! Heri nilale njaa."

Wowote anaoutilia shaka anautupa, na siku hizi anautilia shaka karibu wote. Kiondo kinarudi nyumbani kitupu.

Kinachomuuma zaidi ni binti yake, Kiende, fundi cherehani mjini Meru. Akiwa mdogo, Kiende aliokota uyoga akautia mdomoni, kama alivyomwona mama akifanya. Gatakaa alimchapa, akamtia kidole kooni mpaka mtoto akatapika.

"Niliogopa, jamani. Si ningemwambia tu, 'Tema, sasa niambie umesikia nini'? Badala yake nilimtia woga. Mpaka leo hali uyoga, hata wangu."

Leo Kiende amekuja, baada ya kubembelezwa tangu Pasaka. Mama anamkatia kipande kama punje ya mchele. Kiende anakitazama, anafumba macho, anakiweka ulimini. Anatema.

"Inawasha?"

"Haiwashi, mama. Iko sawa tu."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Gatakaa anautia uyoga kwenye kiondo polepole. Anataka Kiende awe akija kila Jumamosi ya mvua, mpaka aweze kuchuma peke yake. Na leo atampikia.

"Mimi sitasikia ladha," anasema. "Ale yeye, aniambie."