Siku Marlène Alipozima Matangazo

Marlène alikuwa sekretari wa kampuni moja ya pamba huko Pweto, Kongo, kando ya Ziwa Mweru. Habari za vita zilipowafikia, mwanzoni mwa mwaka 1999, watu walijazana ufukweni na mitumbwi ikaondoka kwa fujo. Binti yake Vicky, wa miaka tisa, akajikuta katika mtumbwi mwingine. Wa Marlène ulitia nanga Puta, upande wa Zambia. Wa Vicky uliteremka kusini, na haukuonekana tena.

Huko Nchelenge, upande huohuo wa ziwa, Sista Jessy wa parokia alimpa Marlène kazi: kuandika kwenye kompyuta majina ya watu waliopoteana, kuyatuma kwa njia ya simu, na kusoma majibu. Kila asubuhi saa mbili kompyuta ilipiga simu yenyewe na kuvuta barua. Marlène aliyapitia majina yote kabla ya kwenda kuyaita barazani, ambako watu walingoja. La Vicky halikuwamo.

Mwezi wa tatu mgeni mmoja aliwawekea kamusi ya bure kutoka kwenye diski. Tangu hapo vidirisha vya matangazo vikawa vinachomoza kwenye kioo cha kompyuta, hata simu ikiwa imekatwa: saa za mkononi, dawa za kupunguza unene, safari za visiwani. Akifunga kimoja, vinakuja viwili.

Angeweza kuvumilia. Lakini Jean-Claude, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akimtafuta mke wake, aliona kiooni picha ya mwanamke anayecheka, akasimama ghafla.

"Mama, ni ye? Banamupata?"

"Hapana, tata. Ni publicité, tangazo tu. Banauzisha sabuni."

"Soma vile banaandika."

"Banaandika sabuni, tata."

Jean-Claude alijaribu kucheka, kisha akakaa na kuufunika uso kwa kofia yake.

Siku hiyohiyo Marlène alimpigia simu Fanwell, fundi wa kompyuta wa Mansa. "Iko programu inafanya kazi chini kwa chini, mama," Fanwell alisema. "Hauioni, lakini ndiyo inafungua hizo dirisha. Ingia kwa orodha ya huduma, ndiyo majina ya programu za hivyo, utafute ile ilikuja na kamusi, uisimamishe, uikataze kuanza tena. Jina yake ni..." Laini ikakatika.

Orodha ilikuwa ndefu, na yote kwa Kiingereza. Marlène alisimamisha huduma moja, akangoja. Tangazo likaja. Akasimamisha nyingine. Kufikia saa sita alikuwa amezima kumi na moja, na kioo kikatulia. Sista Jessy alipiga makofi. "Natotela, asante, Mama Marlène!"

Wiki zikapita bila tangazo hata moja, na bila barua. Hakuna aliyeshangaa. Nguzo za simu zilikuwa zikianguka mara kwa mara, na ng'ambo kulikuwa na vita. Kila asubuhi Marlène aliwaambia watu wa barazani, "Bado."

Fanwell alifika tarehe kumi na saba mwezi wa tano. Alitazama orodha, akakunja uso. "Mama, hii ndiyo inapiga simu kila asubuhi. Mbona imesimama?" Akaiwasha. Barua sitini na tatu ziliingia kwa mfuatano.

Moja ilitoka kwenye nyumba ya watoto huko Lubumbashi. *Tuko na mtoto Vicky wa Pweto. Anasema mama yake anaandika kwa mashini. Jibuni kabla ya tarehe 30 mwezi wa nne. Nyumba itafungwa, na watoto watagawiwa kwa familia.*

"Keti, mama," Fanwell alisema. "Kosa ni yangu. Ningepaswa kukupigia tena nikuambie ile jina."

"Ni miye nilizima."

Barua nyingine tano nazo zilikuwa zimepitwa na siku za kujibiwa. Sista Jessy alitaka kuwasomea wenyewe, Marlène akakataa. Alitoka kwenda barazani, akamweleza kila mmoja kwamba ni yeye aliyeifunga njia ya barua. Mama mmoja, Emilienne, alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Hakuonekana tena pale.

Nyumba ya watoto haikujibu barua ya Marlène. Alisafiri kwa malori kupitia Mansa mpaka Lubumbashi, akakuta ile nyumba imejazwa mifuko ya simenti.

"Batoto bote balienda, mama," mlinzi alimwambia. "Kila familia ilibeba mumoja."

"Na registre, kitabu ya majina?"

"Ule mama wa ofisi alienda nayo. Banasema iko Kinshasa."

Kwa wiki tatu Marlène alizunguka makanisani, Jumapili na siku za kazi, akisimama mlangoni na kuwatazama watoto wakitoka. Mara mbili alimwita mtoto wa mtu mwingine. Muda wa karatasi zake za safari ulipokaribia kuisha, akarudi Nchelenge.

Jumatatu alimkuta Jean-Claude barazani, kofia mkononi. Aliingia ndani, akaandika tena jina la Vicky, umri wake na mahali walipopoteana, akalituma. Mpaka mwaka ule unaisha alikuwa amelituma mara saba. Ulipofika mwezi wa kumi na mbili, alibadilisha namba ya umri wa Vicky: miaka kumi.