Mama Mkwe wa Jiwe

Mama mkwe wangu sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijamwoa binti yake, na picha zake zote zilibaki Kongo, kwenye nyumba waliyoikimbia.

Basi siku moja mke wangu akaingia nyumbani, hapa ukimbizini Chatsworth, amekumbatia kichwa cha jiwe. Uso mweusi, unang'aa. Nywele zimeachwa na ukakasi wa jiwe la mlimani. Alikipata kwa mchongaji mmoja Mshona, mtu wa Zimbabwe, anayefanyia kazi kando ya barabara kule Clairwood.

"Ni mama," alisema. "Angalia hilo shavu."

Mimi niliona jiwe. Nikakipangusia meza; mtu anayeshinda nyumbani hachagui ugomvi na mwenye kuleta unga.

Jumamosi moja mke wangu akiwa kanisani, niliamua kufanya usafi, angalau asiniite tena kochi la pili. Nikakisugua kile kichwa kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria. Kilipokauka kilikuwa kijivu kama mtu aliyelala jikoni kwenye majivu. Kwetu mkwe hata mkono hampi mama mkwe wake. Mimi nilikuwa nimemsugua uso mzima.

Nikamfunga kwenye taulo, nikapanda taksi. Mchongaji alicheka mpaka akaweka patasi chini.

"Eish, papa! Hii si sufuria. Umetoa nta yote."

Alilipasha jiwe moto kwa mwali wa gesi, taratibu, mpaka halishikiki, kisha akapaka nta. Nta ikanywewa, na weusi ukapanda kutoka ndani, kwanza kidevuni, halafu machoni. Hapo ndipo nami nikamwona mtu: mama anayetaka kucheka ila ana wageni.

Mikwaruzo ya shavuni ilibaki.

"Nikipiga msasa, shavu litapungua," alisema. "Itakuwa mama ya mtu mwingine. Chagua."

Nikamwambia aache.

Mke wangu aliporudi alikuta kichwa mezani, mimi nimesimama kando kama mshtakiwa. Nikakiri yote, hata waya. Akapitisha kidole shavuni, polepole, mara mbili.

"Iko yeye bado?" nikauliza.

"Iko yeye. Umemkwaruza, lakini iko yeye." Akavuta kiti, akakaa. "Sasa piga magoti, umwombe radhi mama mkwe wako."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Alikuwa anangoja.