Ukili Uliopinda

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilifeli hesabu. Nalisema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa ukiniita Profesa tangu sijaota ndevu, na niliporudi likizo kutoka chuoni Uganda, baada ya siku kadhaa za meli na treni, waliniita Profesa vilevile. Nikaitika. Ningefanyaje?

Nilikuwa na mtihani wa marudio mwanzoni mwa muhula. Nikianguka tena, chuo ndiyo basi. Narudi kuomba ukarani wa reli pale mtaa wa Gerezani, na huo uprofesa unageuka tusi.

Ugonjwa wangu niliujua. Kariakoo nilizoea kutoa jibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Chuoni jibu walikupa wenyewe. Walichotaka ni uthibitisho, mstari baada ya mstari. Mimi nilianza kutoka juu, penye swali, nikaanza na kutoka chini, penye jibu, na pande hizo mbili zilipokataa kukutana katikati, nikapachika "kwa hiyo". Mwalimu, Mzungu mpole kupita kiasi, alizungushia kila "kwa hiyo" wino mwekundu, akaandika: "Kwa nini?" Nilimchukia kwelikweli.

Nyumbani mama alikuwa akinitengenezea mkeka wa kwenda nao. Kila alasiri alikaa uani akisuka ukili, ule ukanda mrefu wa majani ya miyaa ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Siku moja alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Mimi, kwa kuchoshwa na daftari, nikaushika ukili nikaendeleza. Mahali fulani niliruka mwaa mmoja, ukaanza kupinda. Nikauvuta, nikaukanyaga, ukanyooka. Nikasonga mbele karibu pima nzima.

Mama aliporudi alipitisha kidole ukingoni, kikasimama. Akaanza kufumua.

"Aa, mama! Kosa lenyewe dogo, ukishashonwa nani ataliona?"

"Utakayeulalia ni wewe," alisema, wala hakuinua macho. "Ukili ukikosea hauvutwi, baba. Unafumuliwa mpaka pale ulipokosea."

Pima nzima! Iliniuma. Halafu, labda kwa hasira tu, nikamwambia yote: kwamba nimefeli, kwamba sijui kama nitabaki chuoni. Aliendelea kufumua.

"Na hayo marudio ukianguka?"

"Ndiyo basi, mama."

"Haya. Shika upande huo."

Tukasuka upya mpaka adhana ya magharibi.

Kwenye mtihani, ikiwa imebaki nusu saa, niligundua kwamba mstari wa nne wa swali nililokuwa nalo ulikuwa uongo mtupu. Kurasa mbili zilikuwa zimejengwa juu yake. Mkono ulikwisha kuandika "kwa hiyo". Nikazikata kwa mstari kurasa zote mbili, nikaanza upya. Kengele ikalia swali la mwisho sijaligusa.

Nilipita, tena chupuchupu. Nikamwandikia mama kila kitu, pamoja na zile kurasa nilizozikata, nikingoja sifa zangu. Mama hakujua kuandika; jibu lake lilikuja kwa mwandiko wa jirani.

"Tumefurahi mtaa mzima. Na lile swali ulilolibakisha, umeshalimaliza?"

Wala halikuwa limenipitia akilini. Nikakaa mkekani, nikachukua penseli.