Mama Pindo Ndani ya Gauni la Mtu

Mama Pindo, fundi cherehani anayeaminika mtaa mzima, alikuwa amekwama ndani ya gauni la harusi la mteja. Zipu ya mgongoni ilipanda vizuri, ikafika katikati ikagoma: juu haiendi, chini hairudi. Alijipinda, akabana pumzi, akaomba, akaitukana matusi ambayo asingeyatamka mbele ya wakwe. Wapi!

Miaka ishirini na sita aliwafundisha wanafunzi wake amri moja: nguo ya mteja haivaliwi na fundi, hata kwa dakika. Aliyekiuka alifukuzwa siku hiyohiyo, awe mpwa, awe nani. Ndiyo maana watu walimwachia vitambaa vyao bila wasiwasi. Leo kawatuma wanafunzi wakanunue uzi, akavuta pazia, akavaa. Yeye mwenyewe! Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Hodi ikapigwa, na kabla hajajibu pazia likafunuliwa. Alikuwa mwenye gauni, mwalimu wa Kiingereza, harusi yake Jumamosi. Mama Pindo akatamani ardhi ipasuke immeze. Jasho lilimtiririka, na gauni lenyewe jeupe.

Mwalimu alimtazama juu mpaka chini. Kisha, kwa sauti ileile ya darasani, akamwambia kuwa Waingereza wana neno la aibu ya namna hii, mortified, na kwamba mzizi wake ni wa Kilatini, maana yake kuua.

"Basi nimeshauawa, mwalimu," Mama Pindo akasema, akiinamisha kichwa.

Mwalimu akamwonea huruma. "Ulikuwa unapima pindo, sivyo?"

Ndiyo moja tu, na mambo yangeisha hapo. Nani angembishia? Lakini kioo kilikuwa mbele yake. Yeye aliolewa ofisini kwa karani, na gauni la kuazima la dada yake, likimpwaya mabegani. Tangu siku hiyo amewashonea mabibi harusi wa watu mpaka hesabu imempotea. Ilimuuma, na alichoka kuficha.

"Hapana, mwanangu. Nilitaka kujiona."

Mwalimu akamtazama kwenye kioo. "Na umejiona?"

"Nimejiona."

Mwalimu akachukua mkasi mezani, akaikata zipu polepole asimguse ngozi. Kisha akalikunja gauni lake, akalipeleka kwa fundi mwingine.